Mstari Mtupu kwenye Daftari la Nimo

Jumatatu, 3 Februari

Ufunguo umekwama tena kwenye kufuli. Nimeupaka mafuta ya kupikia, ukazunguka. Watoto hamsini na wanane wa Gredi ya Tano walikuwa wamepanga foleni juani wakinisubiri, mikono nyuma, kimya. Kimya hicho ni kazi yangu. Najivunia.

Chumba cha sayansi kilikuwa stoo ya mahindi. Fukusi bado wamo kwenye pembe. Muhula mzima wa mwaka jana nilimsumbua Mwalimu Mkuu hadi akanipa, nadhani ili anyamazishe kelele zangu. Vifaa vyote vimo katika kisanduku kimoja cha bati: sumaku, lenzi, vioo, vipimajoto viwili, kimoja kibovu. Vyombo vya kioo vilifika hapa Balambala vikiwa vipande vipande. Barabara yetu haina huruma. Kwa hiyo nimewaambia kila kundi lilete chombo cha nyumbani, kisichovuja. Jumatano tunachuja maji ya mto.

Sheria ziko ukutani, kwa mkono wangu. Tazama. Usiseme. Andika. Badili kitu kimoja tu.

"Usiseme" nimeipigia mstari mara mbili. Mwaka jana mtoto mmoja alipayuka jibu, darasa zima likalinakili, jibu lenyewe la uongo. Sasa hakuna anayefungua mdomo hadi jaribio liishe.

Jumatano, 5 Februari

Siku njema. Niiandike kabla sijaisahau.

Maji ya Tana yalikuwa kahawia kama chai. Kitambaa, mkaa uliopondwa, mchanga, kokoto. Vyombo vya kila aina: madumu yaliyokatwa, sufuria, birika la udhu la mtu. Nimo alileta dhiil, kile chombo kirefu cha maziwa wanachokisuka Wasomali wa hapa kwa mizizi. Kina kifuniko na mikanda ya ngozi. Bibi yake ndiye aliyempa. Ayeeyo Dahabo, watu wote wanamwita Ayeeyo, bibi. Alisikia mwalimu anataka chombo kisichovuja, akatoa kilicho bora nyumbani mwake.

Nimo ni mdogo kuliko wenzake. Pindo la hijabu yake daima lina matundu ya cheche za moto. Anaandika herufi ndogo ndogo ili daftari lisiishe. Ndiye pekee anayeniuliza kwa nini, na kwa nini ya pili baada ya ile ya kwanza. Kwa ajili yake huwa naandaa somo vizuri zaidi. Si haki kwa wengine lakini ndivyo ilivyo.

Dhiil ilikuwa nyeusi ndani. Masizi tupu. Nilishusha pumzi. Maji tuliyohangaika kuyachuja yaingie humo? Nikaenda nyuma ya chumba, nikachemsha maji, sabuni ya unga, sufu ya chuma. Nikasugua mpaka povu likatoka jeupe. Nikaianika juu ya bati hadi saa za kwenda nyumbani. Darasa zima lilinitazama. Hakuna aliyesema neno. Nimo alisimama karibu yangu na penseli yake, akiandika. Nikamtabasamia.

Maji yalitoka maangavu. Watoto walitaka kupiga makofi wakakumbuka sheria. Wakatikisa mikono hewani. Nilicheka hadi machozi.

Daftari zote zimekusanywa. Nitasahihisha kesho.

Ijumaa, 7 Februari

Nimo hakuja jana. Leo pia. Labda mafua, yamezagaa.

Daftari hazijaguswa. Joto. Kichwa. Kesho.

Jumatatu, 10 Februari

Niandike pole pole.

Nimo hakuja tena, nikaenda kwao baada ya shule. Nimo alikuwa malishoni na ngamia. Ayeeyo alinikaribisha mkekani, akanipa chai. Macho yake yana mtoto wa jicho, alilipapasa birika kwa vidole. Sauti yake ilikuwa bado ya mafua; tangu wiki iliyopita pua yake hainusi kitu. Jirani yake ndiye aliyenieleza mengi, maana Kisomali changu ni cha kuombea maji tu.

Iko hivi. Kila alfajiri akina mama wanapeleka maziwa ya ngamia stendi. Kila mmoja anamimina ya kwake ndani ya madumu makubwa, mbele ya Mama Fatuma, mkubwa wao, na gari linayapeleka Garissa. Maziwa yote yanachanganywa. Ya mmoja yakiwa mabaya, yote ni mabaya. Alhamisi dumu zima lilikataliwa mjini. Limeharibika. Wakapita nyumba kwa nyumba wakinusa vyombo. Vya wote vilinukia moshi. Cha Ayeeyo hakikunukia.

Kazi ya kufukiza chombo jioni ni ya Nimo. Wakamuuliza kama alifukiza. Akasema hapana. Kwa nini? Akanyamaza. Wakamwita mvivu na mjinga, tena mbele ya watu. Akanyamaza.

Sasa maziwa ya Ayeeyo hayapokelewi stendi. Na ngamia wake wanne walibaki hapa, ukame wote huu, kwa sababu ya hayo maziwa tu.

Wakati jirani anaeleza, binti yake alikuwa uani. Akatoa kijinga kwenye moto, akakitumbukiza ndani ya dhiil yao, akafunika, akaitikisa, akamwaga majivu. Akafuta. Ndani ikabaki nyeusi.

Ule ndio uchafu wangu. Ndio niliousugua kwa sufu ya chuma.

Dhiil ya Ayeeyo ilikuwa imetundikwa pembeni. Ina ufa mrefu, kutoka mdomoni hadi tumboni. Jua la bati. Ayeeyo anadhani ni Nimo aliyeiacha juani. Alipewa na mama yake siku aliyoolewa.

Nimekaa miaka mitatu hapa. Mimi mtu wa Hola, kwetu tunalima, maziwa ni ya pakiti dukani. Miaka mitatu na sijawahi kuingia uani kwa mtu nikaangalia anavyotunza maziwa. Nawafundisha watoto wao kutazama.

Nilimaliza chai. Niliaga. Sikusema.

Jumanne, 11 Februari

Nilimweleza Mwalimu Mkuu kila kitu. Alisikiliza huku anachonga penseli hadi ikawa kipande.

Akaniambia nisithubutu. Wazazi tayari wananong'ona kuhusu kile chumba. Wakisikia sayansi imeharibu maziwa ya mji mzima, watawatoa wasichana kwanza. Mambo ya chombo yatapoa. Mtoto mmoja atarudi mwenyewe.

Yeye ni mtu wa hapa, mimi mgeni. Hivyo nilijiambia. Kusema kweli nilifurahi kuambiwa ninyamaze. Nilitoka ofisini nikiwa mwepesi kabisa. Najichukia kwa wepesi ule.

Alhamisi, 13 Februari

Jana nilinunua maziwa ya ngamia. Chupa tatu. Moja nimeiosha kwa sabuni, moja kwa maji matupu, ya tatu nilimwomba msichana mmoja wa darasani aifukize. Aliifanya kwa dakika tatu, hata hakuniangalia. Chupa zote kivulini, meza moja, saa ile ile.

Nilitaka iwe si sabuni. Niseme wazi. Nilitaka zote tatu ziharibike ili iwe ni joto, iwe ni gari, iwe ni mtu mwingine.

Leo saa nne tumefungua. Ya maji imeganda. Ya sabuni imeganda na inanuka vibaya zaidi. Ya moshi nzima, unaweza kuinywa. Niliinywa mbele yao.

Watoto wakaandika. Hamsini na saba. Ila walikuwa wananiangalia mimi, si chupa.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemwona Nimo kwenye bomba la maji. Alinisalimu kwa heshima zote, mkono kifuani, kana kwamba mimi ni mtu.

Anaondoka Jumanne. Ngamia wameshatangulia na mjomba wake kuelekea upande wa Modogashe. Kule kwenye njia panda ya malori kuna wanawake wengine wanaonunua maziwa. Mke wa mjomba amejifungua juzi, wanahitaji mikono. Atakaa huko. Hadi lini? Akainua mabega.

Nilikuwa na nafasi. Sisi wawili, dumu linajaa polepole, hakuna mtu. Nilichosema ni hiki: "Usiache kusoma daftari zako."

Daftari zake ninazo mimi! Ziko mezani kwangu na sijazifungua. Alinitazama, akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akabeba dumu akaenda.

Mwoga. Mwoga. Mwoga.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeamua. Kesho wakati wa mapumziko nitakwenda stendi, lori linaondoka saa tano. Nitasema mbele ya Ayeeyo, mbele ya Mama Fatuma, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Mwalimu Mkuu anifukuze akitaka. Mtoto abaki.

Nimejaribu maneno kwa Kisomali. Nimeandika kwenye kiganja. Dambi ndiyo kosa. Kosa ni langu. Sabuni ni yangu.

Sijala.

Jumanne, 18 Februari

Lori liliondoka saa tatu.

Mwalimu wa Gredi ya Nne hakuja, nikapewa madarasa mawili. Nilitoka nikikimbia saa nne kasoro, kanga mkononi, watoto wakinitazama madirishani. Stendi kulikuwa na vumbi tu na mtu anauza miraa. Ayeeyo alikuwa amekaa juu ya dumu tupu. Hakujua ni mimi, alinisikia nahema tu. Akauliza ni nani. Nikaondoka kwa kunyata.

Nimemnyatia kipofu. Hapo ndipo nilipofika.

Jumatano, 19 Februari

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa na si uongo.

Nimezifungua daftari. Hamsini na nane. Nilianza na za wengine. Wote wamechora chujio, wote wameandika maji yakawa safi. Wengi wameandika pia: mwalimu ameosha dhiil na sabuni. Bila maoni yoyote. Tazama, usiseme, andika. Darasa zima lilijua nakosea siku ile ile, tangu nilipoweka sabuni.

La Nimo nililiweka mwisho. Baada ya mchoro wa chujio kuna ukurasa wa pili ambao sikuuagiza. Naunakili hapa neno kwa neno.

"Jaribio yangu mwenyewe. Swali. Ayeeyo anatumia moshi. Mwalimu ametumia sabuni. Gani inatunza maziwa? Nitabadili kitu kimoja tu. Leo jioni sitafukiza dhiil. Ninatabiri maziwa itaharibika. Lakini mwalimu anajua kushinda sisi kwa hivyo labda sabuni ni bora. Sitaambia Ayeeyo kwa sababu jaribio haijaisha. Nilichoona:"

Halafu hakuna kitu. Mstari mtupu.

Nilikaa sakafuni.

Hakuwa mvivu. Hakusahau. Alifanya jaribio la haki katika chombo cha bibi yake kwa sababu mimi nilimfundisha, na alinyamaza kwa sababu mimi niliandika "usiseme" nikapiga mstari mara mbili. Walipomwita mjinga mbele ya watu alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa mezani kwangu, chini ya kikombe. Daftari lina duara la chai kwenye jalada.

Kama ningesahihisha Alhamisi ile. Saa moja tu ya kazi yangu. Angekuwa darasani leo.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda. Stendi, alfajiri, akina mama wakimimina maziwa. Nilimwomba Mama Fatuma amwite Ayeeyo. Akaja ameshikwa mkono na jirani.

Kiganja kilikuwa na jasho, maneno yangu ya Kisomali yote yamefutika. Nikasema kwa Kiswahili. Nilisema mimi ndiye niliyeosha, kwa sabuni, kwa sufu ya chuma, nikaanika kwenye bati. Nikasema nimejua tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nikanyamaza. Kisha nikausoma ukurasa wa Nimo. Mama Fatuma akawa anatafsiri, sentensi kwa sentensi. Alipofika mwisho sauti yake ilibadilika.

"Mwalimu," akaniambia, "sisi tumefukuza huyu mama mzee kwa sababu ya sabuni yako. Umekunywa chai yake. Wallahi umekunywa chai yake na umenyamaza?"

Nikasema ndiyo.

Mmoja alitema mate chini. Wengine waliendelea kumimina, gari haliwezi kungoja. Nilitaka wanipigie kelele. Hawakunipigia.

Ayeeyo aliomba nirudie mahali pamoja. Pale mtoto aliposema mwalimu anajua kushinda sisi. Nikarudia. Akacheka kidogo, kicheko kikavu, akajifuta macho kwa pindo la garbasaar, ule mtandio wao.

Mama Fatuma akamwambia kuanzia kesho alete maziwa yake kama zamani, wamekosa, wamsamehe. Ayeeyo akauliza kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie mimi:

"Maziwa gani? Ngamia imeenda. Mtoto imeenda."

Jumatatu, 24 Februari

Mwalimu Mkuu amechukua ufunguo. Hakupaza sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Wazazi sita wamekuja asubuhi. Hawataki watoto wao waguswe na mambo ya kile chumba. Nimefundisha ubaoni: chora chupa, andika majina ya sehemu. Watoto wamechora chupa.

Namba ya mjomba nimepewa na Mama Fatuma. Nimepiga tangu Ijumaa. Mteja hapatikani. Wako malishoni, mtandao hakuna. Nimeshapiga mara nyingi hadi naijua pumzi ya yule mwanamke wa kwenye rekodi kabla hajaanza kusema.

Nimefikiria kuomba uhamisho. Hola. Kwetu. Nisimwone Ayeeyo njiani. Fomu nimeijaza nusu.

Hata hiyo ni kukimbia. Nimeichana. Kisha nikajuta kuichana.

Jumatano, 26 Februari

Simu imeita. Mara mbili, ikakatika. Nilikuwa katikati ya somo, nikatoka nje nikapanda juu ya jiwe, juu ya tangi, kila mahali. Haikuita tena.

Jioni ikaingia sauti iliyorekodiwa, ya mjomba. Amesikia habari yote, Mama Fatuma alimtumia ujumbe kwa dereva wa lori. Hana neno na mimi. Lakini ngamia hawawezi kurudi kabla ya mvua, njia yote imekauka, na mtoto hawezi kusafiri peke yake. Mvua ikinyesha watashuka. Insha Allah. Isiponyesha, hajui.

Nimeisikiliza mara nyingi. Nyuma ya sauti yake kuna ngamia wanalia na mtoto mchanga. Nilitafuta sauti ya Nimo. Haimo.

Ijumaa, 28 Februari

Watu wanazungumzia mwezi wa Ramadhani. Leo au kesho wataanza kuutafuta. Duka la kona limejaza tende.

Ayeeyo alikuja shuleni saa tatu, ameshikwa mkono na binti wa jirani. Alikwenda moja kwa moja ofisini. Sikusikia alichosema. Mwalimu Mkuu alitoka na ufunguo, akanikabidhi bila kunitazama, akarudi ndani.

Nikaupaka mafuta. Nikafungua.

Alitaka kuonyeshwa mahali Nimo alipokuwa anakaa. Nikampeleka. Akakaa kwenye kile kibao, magoti yakimfikia kifuani, akapapasa meza, sumaku, lenzi, ile chupa ya moshi. Aliinusa. Akasema imefukizwa na mtu mwenye haraka. Watoto waliokuwa mlangoni wakacheka, msichana aliyeifukiza akajificha nyuma ya mwenzake.

Alikuwa na kitu kwenye kitambaa. Dhiil. Ameiloweka, ameushona ufa kwa uzi wa mizizi, ameifukiza siku nane. Bado inavuja. Akaiweka mezani. "Maziwa haiwezi tena," akasema. "Wacha ikae hapa. Watoto waangalie." Nikapokea kwa mikono miwili.

Nikamuuliza kama niujaze ule mstari kwenye daftari la Nimo. Tunajua kilichotokea, ningeweza kuandika. Alifikiri. Akasema hapana, kazi ya mtoto amalize mwenyewe. Akauliza muhula ujao unafunguliwa lini, akamwambia binti amkumbushe.

Alipoondoka nilichukua kitambaa chenye maji nikafuta "Usiseme" ukutani. Imebaki alama. Nimewaambia watoto: mkiniona nakosea, semeni papo hapo, hata jaribio likiwa katikati. Wakanyamaza, wamezoea. Halafu nikamimina maji kwenye chupa, na sauti ikatoka nyuma kabisa, ndogo, ya woga: "Mwalimu, hiyo chupa iko na ufa."

Ilikuwa na ufa. Nikaiweka kando, nikashukuru, tukachukua nyingine.

Daftari la Nimo liko juu ya rafu, karibu na dhiil. Penseli nimeichonga nikaiweka ndani, kwenye ukurasa ule.